Kikao Kisicho na Daftari: Somo juu ya Vikundi vya Kusaidiana Kuacha Pombe



Masomo mengi tunayoyaleta katika kurasa hizi yahusu mizani, vitabu vya hesabu, mbegu na ghala. Somo la leo lamhusu mtu mwenyewe. Mizani yaweza kuwa sahihi na bei ikawa njema, lakini jasho la mkulima likamwagika lote kati ya ofisi ya chama na mlango wa nyumba yake.

Tuchukue mfano. Mwanachama wa chama kimoja cha msingi katika wilaya ya Magu ni mkulima hodari. Pamba yake hufika ghalani ikiwa safi, haina mchanga wala haikunyunyiziwa maji. Lakini kila msimu, malipo yakiisha kuingia, haonekani nyumbani kwa siku tatu au nne. Akirejea, sare za watoto hazikununuliwa, deni la dawa ya kunyunyizia halikulipwa, na yeye mwenyewe hakumbuki fedha zilikwenda wapi. Mwaka huu mkewe amekuja ofisini kabla ya siku ya malipo, akamwambia Katibu: "Baba, msimpe fedha zile. Nipeni mimi." Katibu akanyamaza. Taratibu za chama hazimruhusu kumkabidhi mtu mwingine fedha za mwanachama pasipo idhini ya mwenyewe; na moyo wake haumruhusu kumrudisha mama yule mikono mitupu. Afanye nini?

Swali hilo tutalijibu kabla ya somo kwisha. Kwanza yatupasa kuelewa ugonjwa wenyewe, kisha hatari yake, kisha dawa yake moja ambayo sisi wana ushirika twapaswa kuielewa kuliko watu wengi: kikundi.

1. MAZOEA NA UGONJWA

Katika vijiji vyetu pombe ya mtama imekuwa sehemu ya kualikana kulima, ya harusi na ya matanga. Somo hili halikuandikwa kumhukumu kila anywaye. Lamhusu yule ambaye pombe imemtawala, akaazimia kuacha, akashindwa, akaazimia tena, akashindwa tena. Mtu huyo jamii humwita mlevi kwa dharau. Waganga wa hospitali humwita mgonjwa wa uraibu, na hawasemi hivyo ili kumpembeleza, bali kwa sababu ubongo wake umezoea pombe hata ukawa haufanyi kazi yake sawasawa bila hiyo.

Yapo maswali manne mafupi ambayo madaktari wameyatumia kwa miaka mingi. Kila mmoja aweza kujiuliza akiwa peke yake:

(a) Je, umepata kuona kwamba yakupasa kupunguza kunywa?
(b) Je, watu wamepata kukuudhi kwa kukulaumu juu ya unywaji wako?
(c) Je, umepata kujiona mwenye hatia kwa sababu ya pombe?
(d) Je, umepata kunywa asubuhi mara uamkapo, yaani kuzimua, ili utulize mwili?

Maswali haya yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, yakaonekana kuwa yafaa kwa watu wetu. Mwenye kujibu "ndiyo" mara mbili au zaidi yafaa amwone mganga. Swali la nne lina uzito wake: anayehitaji pombe ili mikono isitetemeke amekwisha kuingia mahali pa hatari, na hatari hiyo ndiyo fungu letu linalofuata.

2. MWILI KWANZA: ASIACHE GHAFLA PEKE YAKE

Wapo ndugu wenye nia njema ambao humfungia mlevi chumbani siku tatu "mpaka pombe imtoke". Ndugu Mwanachama, jambo hili limeua watu. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukinyimwa kwa ghafla, huanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi ndani ya saa 6 hadi 12. Kati ya saa ya 12 na ya 48 mtu aweza kushikwa na degedege. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne aweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwapo na kupandwa na homa kali. Na asipotibiwa aweza kufa. Jirani hudhani amerogwa au amepandwa na mashetani, kumbe ni ugonjwa ambao hospitali inaujua na ina dawa yake.

Kwa hiyo mtu anayekunywa kila siku, au anayetetemeka asubuhi, au aliyepata degedege zamani, asianzie kikundini. Aanzie hospitalini. Mganga atampa dawa za kutuliza kwa kipimo kinachopungua siku hadi siku, maji, na vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa nayo na ambayo kukosekana kwake huharibu kumbukumbu. Kazi hiyo yaweza kuchukua juma moja hivi.

Lakini kuitoa pombe mwilini si kupona. Mtu hutoka wodini akiwa safi, akarudi kijiji kile kile, kwa marafiki wale wale na kilabu kile kile. Mwaka 2017 Serikali yetu ilipiga marufuku pombe ya viroba, na ilikuwa hatua njema; iliondoa pombe mfukoni mwa kijana, lakini kiu haikuweza kuiondoa moyoni mwake. Kwa kiu hiyo ndipo kikundi kinapohitajika.

3. WAWILI WA AKRON

Mwezi Mei mwaka 1935 dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson, mkazi wa New York, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, nchini Marekani, kwa shughuli ya biashara iliyomwendea vibaya. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano tu. Akiwa peke yake katika ukumbi wa hoteli, alisikia vicheko kutoka baa, akatambua kwamba yu karibu kuanguka. Badala ya kuingia alikwenda kwenye simu, akawapigia viongozi wa dini wa mji ule, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuongea naye.

Alipelekwa kwa Robert Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa imekaribia kumfukuzisha kazi. Smith alikubali kumpa mgeni dakika 15. Wakaongea kwa saa nyingi. Wilson hakumhubiria wala hakumkaripia; alimsimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Smith alikuwa amekwisha kusikia mawaidha ya kila namna, lakini hakuwa amepata kukaa na mtu aliyejua kwa mwili wake kile alichokuwa akikisema. Wahenga walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina, au kwa kifupi A.A. Smith alifariki mwaka 1950 na Wilson mwaka 1971, wote wawili wakiwa hawajaonja tena. Leo vikundi vya A.A. vimo katika nchi nyingi za dunia, na nchini Tanzania vikao vyake vimepata kufanyika katika miji kama Dar es Salaam na Arusha.

Angalia jambo moja katika habari hii. Wilson hakumtafuta mtu wa kumsaidia yeye. Alimtafuta mtu wa kumsaidia. Aligundua kwamba kwa kumshika mwenzake mkono, yeye mwenyewe hakuanguka.

Je, njia hii yafaa kweli? Mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000, nyingi zikiwa zimefanyika Marekani. Waliona kwamba matibabu yanayomwelekeza mgonjwa kwenye vikundi vya A.A. kwa utaratibu maalumu humsaidia kuacha pombe kabisa kwa kiwango kilicho sawa na matibabu mengine yanayotambuliwa, na pengine kuyashinda. Si muujiza, wako wasiofaulu. Lakini ni njia iliyopimwa, tena haina ada.

4. USHIRIKA ULE ULE, ISIPOKUWA DAFTARI

Mwana ushirika akisoma taratibu za A.A., zilizokubaliwa mwaka 1950, atadhani anasoma kanuni zetu. Sisi twasema uanachama ni wa hiari na mlango u wazi. Wao wasema sharti pekee la kuingia ni nia ya kuacha kunywa. Sisi twasema chama kijitegemee. Wao hawapokei msaada wa fedha kutoka nje, bali hupitisha kofia, na kila mmoja hutia alichonacho kwa ajili ya chai na kodi ya chumba. Sisi twasema uongozi ni utumishi. Kwao pia yuko katibu, ambaye kazi yake ni kufungua mlango, kupanga viti na kuchemsha maji, kisha baada ya muda humwachia mwingine.

Tofauti ni moja, na ndiyo iliyotupa kichwa cha somo hili. Katika kikao hicho hakuna daftari la mahudhurio, hakuna muhtasari, hakuna taarifa ya kupelekwa ngazi ya juu. Mtu hutaja jina lake la kwanza tu, au jina lolote apendalo. Yasemwayo chumbani hubaki chumbani.

Kwetu sisi makatibu jambo hili ni gumu. Tumefundishwa kwamba kisichoandikwa hakikutendeka, na kwa mali ya wanachama ni kweli tupu: pamba isiyoandikwa ni pamba iliyoibwa. Lakini aibu si pamba. Ikiandikwa huwa silaha mikononi mwa mtu mwingine. Siku daftari la majina ya walevi litakapoonekana mezani kwa Mwenyekiti, siku hiyo viti vya kikundi vitabaki vitupu.

Kikao chenyewe hudumu kwa saa moja au moja na nusu. Mmoja hufungua, labda kwa kusoma maneno machache. Kisha kila atakaye husimulia: alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa. Hakatizwi wala hajibiwi. Hakuna kamati ya kumhoji. Wengi hufuata hatua 12 za A.A., ambazo kwa ufupi zamtaka mtu akiri kwamba pombe imemshinda, ategemee nguvu iliyo kuu kuliko yeye kadiri anavyoielewa, ajichunguze, awaendee aliowadhulumu na kutengeneza alipoharibu, kisha awasaidie wengine. Mkristo, Mwislamu na mwenye kufuata mila za wazee hukaa benchi moja. Tena hawaapi kuacha maisha yao yote; huahidi leo tu. Kesho wataahidi tena.

Wazee wetu hawatashangazwa na njia hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na katika miaka iliyofuata, vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI vilitufundisha kwamba mgonjwa aliyetangulia humwongoza anayefuata mpaka mlangoni mwa kliniki, pale ambapo hotuba za wakubwa zilishindwa.

5. PA KUKITAFUTA

Mkazi wa Magu asingoje kuona kibao cha kikundi kando ya barabara ya Musoma. Vikundi hivi havijitangazi. Hutafutwa kwa kuuliza, na kuuliza kuna mpango wake.

Kwanza, zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mwambie mganga neno moja lililo wazi: "Nataka kuacha pombe, nimeshindwa peke yangu." Omba barua ya kupelekwa mbele endapo unatetemeka au unaumwa.

Pili, hospitali ya wilaya pale Magu, na kutoka hapo Mwanza, mwendo wa kilomita zipatazo 60, kwenye Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure au Hospitali ya Rufaa ya Bugando. Huko uliza kliniki ya afya ya akili. Wengi huliogopa jina hilo, wakidhani ni mahali pa wendawazimu. Usiliogope, ndiyo idara inayotibu uraibu, na watumishi wake ndio wenye kujua ni kikundi gani kipo hai katika jiji kwa wakati huo, kinakutana siku gani, na nani wa kumwona.

Tatu, Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Yeye anazijua pia nyumba za upataji nafuu, ambako mtu hukaa kwa miezi kadhaa pamoja na wenzake. Nyumba nyingi za namna hiyo, Bara na Zanzibar, zilianzishwa kwa ajili ya waraibu wa dawa za kulevya, lakini baadhi hupokea wenye shida ya pombe. Uliza gharama yake na usajili wake kabla ya kuuza hata mbuzi mmoja.

Nne, viongozi wa dini. Parokia, makanisa na misikiti huwa na vikundi vya kusaidiana, na mara nyingi kiongozi humjua mtu aliyeacha pombe zamani.

Tano, simu. Tangu mwaka 2020 vikundi vingi vya A.A. hufanya vikao kwa njia ya intaneti. Vingi ni vya Kiingereza, lakini kwa aijuaye lugha hiyo na mwenye simu ya kufaa, ni mlango ulio wazi hata usiku wa manane.

Ukipata kikundi, kipime kama upimavyo mnunuzi wa pamba. Kikundi cha kweli hakidai ada ya kujiunga, hakikuuzii dawa, hakikuambii utupe dawa ulizopewa hospitalini, hakikufungi minyororo wala hakikuchapi, na hakiyatangazi mambo yako hadharani. Ukiona mojawapo ya hayo, ondoka.

6. KIKAO CHA KWANZA

Watu wengi hufika mlangoni wakarudi. Hii ni kawaida. Mwanachama wetu wa mfano atashuka basi mjini Mwanza, atapita mbele ya mlango mara mbili akijifanya kutafuta duka, na moyo utamwambia: "Hawa wataniona." Na akumbuke kwamba kila aliyemo ndani alipita mbele ya mlango huo kwa namna hiyo hiyo.

Yafaa aende akiwa hajanywa siku hiyo, ikiwa mganga ameridhia. Lakini aliyekunywa hafukuzwi mradi akae kimya na kusikiliza. Akae karibu na mlango kama hiyo itamtuliza. Halazimiki kusema neno. Akiulizwa, atosheke na kusema, "Leo nimekuja kusikiliza." Baada ya kikao asikimbie, dakika kumi za chai ndizo ambazo mtu hupata namba ya simu ya mwenzake wa kumpigia saa ile kiu inapozidi.

Asikihukumu kikundi kwa kikao kimoja. Ahudhurie vinne au vitano. Kimoja chaweza kuwa kizito, kingine kikamgusa mpaka machozi. Na kabla ya kuondoka apange kikao kijacho kama apangavyo siku ya palizi, kwa kuwa asiyepanga huachia siku impangie.

7. PASIPO NA KIKUNDI

Nauli ya kwenda Mwanza kila juma si jambo jepesi kwa mtu wa Kabila au Ng'haya. Basi tukumbuke Akron: walianza wawili. Katika kata yoyote hawakosekani watu wawili waliochoka na pombe. Mmoja kati yao yafaa awe ameacha kwa muda, au awe amehudhuria vikao kwingine akajua utaratibu.

Wakutane siku moja maalumu katika juma, saa moja maalumu, mahali palipo mbali na kilabu. Waanze hata wakiwa wawili, na asipokuja mmoja, mwingine akae saa nzima akingoja. Wakubaliane mambo matatu tu: siri, zamu ya kusema bila kukatizwa, na kutohukumiana. Wasianze na mradi wa kuku wala mfuko wa mikopo. Fedha zikiingia mapema, ugomvi huingia pamoja nazo. Na wawe na uhusiano na mganga wa zahanati, ili mwenzao akitetemeka au akisema hataki kuishi, wajue pa kumkimbiza saa hiyo hiyo.

Chama cha msingi chaweza kusaidia kwa kitu kimoja ambacho hakina gharama: ufunguo. Chumba cha ofisi au pembe ya ghala baada ya saa za kazi, benchi mbili, na taa. Kisha Katibu aende zake. Asichungulie wala asiulize nani alikuja. Kujali jamii ni kanuni ya saba ya ushirika wa dunia, iliyokubaliwa mwaka 1995. Na mara nyingine kujali ni kutoa ufunguo na kunyamaza.

8. WAJIBU WA KATIBU

Sasa turudi kwa mama yule aliyekuja ofisini.

Katibu asimkabidhi fedha za mumewe. Ni kinyume cha taratibu, na ugomvi utakaozuka utamwangukia mama huyo huyo. Lakini asimrudishe mikono mitupu. Amwendee mwanachama mwenyewe asubuhi, akiwa hajanywa, wakiwa wawili tu. Asimwite mbele ya Halmashauri. Aseme aliyoyaona kwa macho yake na si aliyoyasikia: "Ndugu, msimu uliopita ulileta pamba nzuri, na mwezi uliofuata ulikuja kukopa unga. Ninakuogopea." Kisha amwonyeshe njia mbili. Ya kwanza ni ya fedha: mwanachama mwenyewe, kwa hiari na kwa saini yake, aweza kuomba kabla ya siku ya malipo sehemu ya fedha zake iingizwe katika akiba, au katika akaunti yake na mkewe. Ya pili ni ya afya: zahanati, kliniki, kikundi. Akikataa, Katibu asigombe. Aseme, "Mlango wangu u wazi," na amaanishe hivyo. Wengi hukataa mara ya kwanza.

Na mama? Yeye pia ana ugonjwa wake wa kukosa usingizi na kuhesabu sarafu. Tangu mwaka 1951 wake na jamaa za walevi wana chama chao kiitwacho Al-Anon, ambacho msingi wake ni kwamba jamaa hakuusababisha ulevi wala hawezi kuuponya kwa nguvu zake, lakini aweza kupona yeye. Akina mama wawili wenye shida moja, wakikaa pamoja chini ya mwembe, wamekwisha kuanza. Endapo kuna kupigwa, jambo hilo si la kikundi: apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Kadhalika Katibu asiwape wapiga soga jina la mwanachama. Asimnyime mtu mbegu au haki ya kupiga kura kwa sababu ya ulevi. Na asimpe anayejitahidi kuacha kazi ya kushika fedha taslimu katika miezi ya mwanzo, si kwa adhabu, bali kwa kumhurumia. Baada ya mkutano wa mauzo, soda na maji viwepo mezani, pasiwe na mtu wa kulazimishwa kunywa "kwa heshima ya mgeni".

Na tuseme wazi: yawezekana msomaji anayehitaji somo hili ni Katibu mwenyewe. Yeye hushika fedha za watu, hukaribishwa kila mahali, na hana wa kumwambia. Ndugu, maswali manne ya fungu la kwanza ni yako pia. Kikundi hakitauliza cheo chako. Mficha maradhi kifo humuumbua.

9. AKIRUDIA

Atakayeacha aweza kurudia, wengine mara nyingi. Kijiji hucheka na kusema, "Tulijua." Lakini mkulima ambaye mvua ilimkatikia mwezi wa Februari haachi kulima, hutazama alikokosea, hupanda tena mvua zikirudi. Aliyerudia na arejee kwenye kikao kinachofuata, asingoje mpaka awe msafi ndipo aje. Akiwa amekunywa siku nyingi mfululizo, apite kwanza kwa mganga, kwa sababu tulizozieleza. Kuteleza si kuanguka.

HITIMISHO

Mkulima aliyeuza pamba yake peke yake kwa mlanguzi alipunjwa mizani, akadhani ni bahati yake mbaya. Alipokaa na wenzake akagundua kwamba wote walipunjwa, na hapo ndipo vyama vyetu vya Kanda ya Ziwa vilipozaliwa. Mlevi naye hupunjwa akiwa peke yake, akidhani ni udhaifu wake mwenyewe. Akikaa na wenzake hugundua kwamba mizani ni ile ile. Kazi yetu ni kumwonyesha mlango, kumpa ufunguo ikibidi, na kuweka kalamu chini.

MASWALI YA KUJADILIANA

(Katika majadiliano pasitajwe jina la mwanachama yeyote, aliyepo au asiyekuwapo.)

1. Kwa nini ni hatari kumfungia chumbani mtu anywaye kila siku? Katika kijiji chako, wapi pa kumpeleka kwanza?
2. Taja kanuni tatu zinazofanana kati ya chama chetu na kikundi cha kusaidiana, na moja inayotofautiana. Kwa nini tofauti hiyo ni ya lazima?
3. Mwanachama amekubali kwenda kwenye kikao lakini hana nauli. Chama kimsaidieje pasipo jina lake kuingia katika muhtasari?
4. Je, utaratibu wenu wa siku ya malipo humsaidia au humwangusha mtu anayejitahidi kuacha pombe? Mtabadili nini kabla ya msimu ujao?
5. Ni nani atakayeshika ufunguo?